Kalamu ya katibu wa baraza la wazee

Katika usharika wetu wa Kilutheri, huku mlimani juu ya Moshi mjini, mwalimu akistaafu hapumziki. Anapewa ukatibu wa baraza la wazee. Mimi nilitangaziwa Jumapili baada ya ibada, watu wakisubiri mnada wa mayai na ndizi za sadaka uanze. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Walipiga makofi, nikapokea daftari, na tangu hapo nimekaa kando ya wachungaji kadhaa nikiandika nani kasema nini.

Ni kazi inayofundisha. Anayezungumza anasikia sauti yake. Katibu anayaona maneno yale yale yakiwa yamelala kwenye karatasi, bila mkono uliopiga meza wala Biblia iliyoinuliwa juu. Yakishalala hivyo ndipo unapoona kwamba Wakristo tukigombana hatusemi "nimeudhika" wala "nimedharauliwa". Tunasema "Neno linasema". Mtu aliyenyimwa zamu ya kusoma somo la kwanza anaweza kuleta hoja ya nusu saa kuhusu utaratibu wa ibada, yenye mistari ya kutosha kutoka Agano la Kale na Jipya, na ndani yake kuna jambo moja tu: kwa nini si mimi.

Tumegombania mengi. Kwaya ya tarumbeta, ambao walirithi vyombo kutoka kwa baba zao, na vijana wanaotaka kinanda na spika. Mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye harusi za waumini. Kesha liishe saa ngapi. Mengi ya hayo hufa yenyewe msimu wa kuchuma kahawa ukifika, maana watu hawana muda. Lakini liko moja lililotushika muda mrefu, nalo ndilo ninalotaka kulisimulia, majina nikiyaacha.

Binti mmoja wa kwaya ya vijana, aliyebatizwa kwetu akiwa mchanga na kupata kipaimara kwetu, alikwenda kubatizwa tena kwa maji mengi katika kanisa moja la Kipentekoste mjini. Hakuhama. Jumapili iliyofuata alikuja na joho lake, akasimama na wenzake wa sauti ya pili. Habari zilikuwa zimeshamtangulia.

Kwa utaratibu tuliouzoea, mtu wa namna hiyo hasogei kwenye Meza ya Bwana mpaka arudi kundini, yaani asimame mbele ya usharika, aulizwe, ajibu, aombewe. Mzee mmoja wa baraza, mhasibu mstaafu ambaye wote tunamwita Meku kwa heshima ya umri wake, alisimama hapo na hakusogea. Hoja yake haikuwa nyepesi. Waefeso 4:5: Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja. Ubatizo, alisema, ni kazi ya Mungu, si ya mtu. Ukirudia unasema Mungu alishindwa mara ya kwanza. Akaja pia na Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, kifungu cha 9, kinachowalaani waziwazi Waanabaptisti kwa kuukataa ubatizo wa watoto.

Upande wa pili alikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi, fundi umeme, mtu aliyeacha pombe akaokoka na ambaye hakosi kesha. Naye hakuja mikono mitupu. "Aaminiye na kubatizwa ataokoka," alisema, imani imetangulia maji. Huyu dada ameamini sasa, na ninyi mnataka kumsimamisha mbele za watu kwa kosa la kuamini?

Kwa fundisho lenyewe mimi niko upande wa Meku, niseme mapema. Nilibatizwa mchanga, wanangu wamebatizwa wachanga, na sijaona sababu ya kubadili.

Kikao cha kwanza kilikuwa kizuri kweli. Nikikisoma leo naona kila mmoja anajibu alichosema mwenzake. Kikao kilichofuata, kiongozi wa maombi alisema wapo watu wanaolijua kanisa lakini hawamjui Bwana. Hakumtaja mtu. Meku akauliza tangu lini watu wa nyaya wanafundisha wazee Biblia. Naye hakumtaja mtu. Kuanzia hapo, ukilifuata daftari, jina la binti linapungua. Mwanzoni limo karibu katika kila aya. Baadaye limebaki juu kwenye ajenda. Mbele zaidi hata ajenda imebadilika, inaitwa "kauli iliyotolewa kikao kilichopita". Ugomvi ulikuwa umepata wenyewe wapya, na yule aliyekuwa chanzo chake akawa hahitajiki tena, isipokuwa kama ushahidi. Kwa Meku alikuwa ushahidi kwamba vijana wanaibwa. Kwa kiongozi wa maombi alikuwa ushahidi kwamba Roho ameanza kazi mahali tulipolala. Katika kesha moja alisimulia, bila kumuuliza, jinsi binti alivyotoka majini akinena kwa lugha.

Kisha ikaja vita ya sala. Kikao hufunguliwa na kufungwa kwa sala, na mchungaji ndiye anayemchagua mtu. Akipewa kufunga, kiongozi wa maombi alimsihi Bwana awafumbue macho "watumishi wako waliofungwa na mapokeo ya wanadamu". Kikao kilichofuata Meku alipewa kufungua, akamshukuru Mungu kwa ajili ya "wazee wetu waliotutangulia, ambao hawakuhitaji makelele ili uwasikie". Amina zilitoka upande mmoja wa meza, kisha upande mwingine. Kwenye daftari niliandika tu kwamba sala ilifanyika. Nimesikia matusi mengi katika soko la Mbuyuni, lakini sijasikia tusi lisilojibika kama lile mtu analotukaniwa kupitia kwa Mungu, wote mkiwa mmefumba macho.

Na baada ya vikao walikuja nyumbani kwangu. Meku alileta mkungu wa ndizi, akakaa, akaulizia magoti yangu, kisha: "Mwalimu, lile neno la watu wa nyaya, umeliandika?" Nikamwambia nimeliandika. Akasema lingefaa kulainishwa kidogo, ila ile kauli ya kutomjua Bwana ibaki kama ilivyosemwa. Kiongozi wa maombi alikuja siku nyingine, mikono mitupu maana yeye ni mtu wa kufunga, akaomba kinyume chake. Wote wawili walitoka na jibu moja. Ndizi nilizipika.

Kundi la tatu ndilo lililonichosha zaidi, nalo halikugombana na mtu. Hawa ni wale wazee wapole wanaosema: "Mimi ni mdogo, mambo haya makubwa siyawezi, tumwachie Mungu." Watu huwasifu kwa unyenyekevu. Lakini wakati wanamwachia Mungu, binti alikuwa ameambiwa asubiri uamuzi, na kila Jumapili alikaa benchi la nyuma bila joho, wenzake wakiimba. Upole wa namna ile kuna mtu anaulipia, na mara nyingi siye mwenye nao. Kati yao na Meku, afadhali Meku, ambaye angalau alikuwa anapatikana.

Siku hizo nilimkumbuka sana marehemu mama. Mama alizaliwa Kilema, ambako mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa wengi wao, walijenga misheni mwanzoni mwa miaka ya 1890. Baba ni wa upande wa Walutheri. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaenea Mamba na Old Moshi. Ndiyo maana hadi leo ukipita mlimani unaweza kukisia mtu anasali wapi kwa kuuliza tu anatoka ng'ambo gani ya mto: Kibosho na Kilema ni Wakatoliki, Machame wengi ni Walutheri. Ilitegemea Mangi yupi, yaani mtawala yupi wa Kichagga, alimpokea mzungu yupi, na huyo Mangi mara nyingine alikuwa anafikiria bunduki na majirani zake zaidi ya mbingu. Mama alipoolewa alivuka mto akavuka na kanisa. Rozari yake ilikaa chini ya sanduku, baba alijua, na hawakuwahi kuizungumzia mbele yetu.

Kwa hiyo Meku alipopiga kifua kuhusu "imani ya babu zetu", mimi nilikuwa nahesabu mito. Simaanishi kwamba imani iliyokuja kwa njia hiyo ni ya uongo. Mimi naishi kwa hiyo hiyo. Ila mtu akijua kwamba angezaliwa bonde la pili angekuwa anatetea kitu kingine kwa jasho lile lile, angepaswa kupunguza kidogo kupiga kifua. Yule kiongozi wa maombi vilevile. Moto wa uamsho aliouona kama umewashwa juzi kwake ulifika huku kutoka Rwanda na Uganda, walikouwasha watu wa miaka ya 1930, na wao walikuwa na desturi ya kutubu hadharani dhambi zao wenyewe. Za kwao, si za mzee aliyekaa mbele yako.

Mchungaji wetu wakati huo alikuwa kijana, na tulidhani anaogopa. Kumbe alikuwa anasoma. Katika kikao kimoja aliomba wote wanyamaze, akaeleza habari ambayo wengi wetu tulikuwa hatujaisikia. Katika karne ya 16, wale Waanabaptisti wanaotajwa katika kifungu cha 9 cha Meku waliuawa wengi, baadhi kwa kuzamishwa majini kwa dhihaka ya ubatizo wao. Philipp Melanchthon, ndiye huyo huyo aliyeandika Ungamo la Augsburg, alitetea adhabu ya kifo dhidi yao. Mwaka 2010, katika mkutano mkuu uliofanyika Stuttgart, Ujerumani, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambalo kanisa letu, KKKT, ni mwanachama wake, liliomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamenoniti, ambao ni wazao wa imani ile.

Meku aliinua mkono. "Wameacha kubatiza watoto?"

"Hawajaacha, Mzee."

"Basi wameomba msamaha wa nini?"

"Wa kuwatesa wenzao. Na wa jinsi walivyoendelea kuwasimulia vibaya."

Meku alinyamaza. Kiongozi wa maombi akaanza kutabasamu, na tabasamu hilo mchungaji aliliona. Akamgeukia: "Na wewe kaka, unajua hao Wamenoniti walikuja na nini? Walileta beseni la mbao la kuoshea miguu, wakawapa Walutheri kama zawadi. Waliokuwa na haki ya kudai ndio walioleta beseni." Tabasamu likaondoka.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, maana ilikuwa hotuba nzuri, lakini historia ya Ujerumani haimalizi ugomvi wa mlimani. Mzee mmoja wa wale wapole akapendekeza twende kwa jadi yetu: mmoja amletee mwenzake jani la isale, maana Mchagga aliyeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Kiongozi wa maombi akakataa kwa kuwa hayo ni mambo ya mila. Meku akakataa kwa kuwa anayeleta isale ndiye aliyekosa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu wakubaliane jambo, nami nikaandika kwamba pendekezo halikuungwa mkono.

Aliyetufungua ni mjane wa mwinjilisti wetu wa zamani. Ni mzee wa baraza kwa upande wa akina mama, husema mara chache, na akisema hachagui maneno makubwa. Aliuliza: "Baba Mchungaji, samahani. Huyu mtoto, tangu tuanze, ni nani ameshakwenda kwao?"

Hakuna aliyekwenda. Tulikuwa na Mathayo 18 kwenye daftari, nimeiandika mwenyewe, imenukuliwa na pande zote mbili. Inaanza kwa kukuambia uende kwa ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Hatua ya kwanza ilikuwa ni miguu, na sisi wote tulikuwa tumeanzia hatua ya tatu, kwenye baraza.

Iliamuliwa waende wote wawili, Meku na kiongozi wa maombi, nami niende kwa sababu ya kalamu. Njiani hawakuzungumza. Ilikuwa imenyesha, njia ya migombani inateleza, na Meku ana fimbo. Sehemu ya mteremko kiongozi wa maombi alimshika mkono bila kumwangalia. Sitalikuza jambo hilo. Sisi sote tungemshika.

Binti alitukaribisha, akatuamkia, akaleta chai. Meku alijiandaa kuuliza maswali, nilimwona ana karatasi. Lakini binti alianza mwenyewe. Akasema mama yake alipolazwa hospitali ya KCMC, ambako alikaa hadi alipofariki, waliokuwa wakija wodini walikuwa akina mama wa lile kanisa la mjini, kwa sababu mmoja wao alifanya naye kazi dukani. Walikuja na uji, walimgeuza mgonjwa, waliimba taratibu ili wasiwasumbue wengine. "Ninyi mlikuja kuzika," alisema, bila ukali. "Mlikuja wengi, nawashukuru. Ila akiwa hai walikuja wao."

Hakuna aliyegusa chai.

Meku, kwa sauti ndogo kuliko ile ya barazani: "Lakini mwanangu, kwa nini uukatae ubatizo wako?"

"Sikuukataa, babu. Mama ndiye aliyenipeleka, nitaukataaje? Nilitaka tu siku moja niitikie mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Na kipaimara? Si ndipo uliitikia?"

"Siku ile nilikuwa nafikiria gauni."

Mimi nilicheka, samahani, maana nimefundisha watoto wa umri huo. Meku hakucheka, lakini karatasi aliirudisha mfukoni. Kiongozi wa maombi akaona nafasi, akauliza juu ya kunena kwa lugha. Binti akashangaa. "Sikunena kwa lugha, kaka. Nilikuwa nalia. Na maji yalikuwa ya baridi."

Hapo wote wawili walipoteza shahidi wao kwa kikombe kimoja cha chai. Binti hakuwa ameibwa, wala hakuwa ametumwa kutuamsha. Alikuwa amefiwa. Nimekaa na watu hawa miaka mingi na ninaamini kilichowanyamazisha si hoja, maana hoja walikuwa wamezisikia za kutosha. Ni kuona kwamba kitu walichokipigania kwa jina la mtu huyu, yeye mwenyewe hakuwamo ndani yake.

Kikao cha uamuzi kilikuwa kifupi. Baraza liliamua binti arudi kwenye kwaya na kwenye Meza ya Bwana baada ya mazungumzo na mchungaji ofisini, bila kusimamishwa mbele ya usharika. Meku alipiga kura ya ndiyo, kisha akaomba iandikwe kwamba bado anaamini ubatizo haurudiwi na kwamba kanisa lisichoke kufundisha hivyo. Nikaandika. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote alizoshinda hoja, kwa sababu ilikuwa rahisi kwake kupiga hapana na kubaki safi. Kiongozi wa maombi aliahidi kwamba katika kesha lijalo atawaambia watu kuwa habari ya lugha haikuwa kweli. Nilikwenda kesha hilo kwa makusudi, na magoti yangu haya, kuona. Alisema. Alisema haraka na kwa kuangalia chini, akaingiza wimbo, lakini alisema.

Baraza liliunda pia zamu ya kutembelea wagonjwa hospitalini, ambayo ilifanya kazi vizuri kwa muda, sasa inalegalega na inahitaji kusukumwa. Binti ameolewa Arusha. Mchungaji amehamishwa, na huyu mpya ana mtazamo mkali zaidi kuhusu wanaorudi kundini, kwa hiyo nategemea tutarudi huko.

Wale wawili hawajawa marafiki. Kikao kilichopita walipishana tena, safari hii ni kuhusu fedha za kinanda kipya. Meku alisimama, akasema kabla ya kupinga angependa kwanza kueleza anachokitaka mwenzake, ili ajue kama amemwelewa. Akakieleza vibaya. Kiongozi wa maombi akamsahihisha. Akakieleza upya, akauliza, "Ndivyo?" Akajibiwa ndivyo. Kisha akakipinga, kirefu, kwa mahesabu ya shilingi hadi shilingi, na kura zilipohesabiwa alishindwa, akaniuliza kama nimeziandika sawasawa.